Somoe Hana wa Kutoka

Naandika habari za wifi yangu Somoe kwa sababu watu wa hapa wanazisema vibaya. Wanasema aliringa. Wanasema mtoto wa watu alimpandisha kichwa akawanyima wenzake msaada. Mimi nilikuwepo. Nyumba yangu na yake zinatazamana, katikati kuna mikorosho tu, na mtu akikohoa kwake mimi nasikia kwangu. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na asiyetaka asisome.

Kitongoji chetu kiko kwenye njia ya Msimbati, kabla hujafika kwenye mabomba ya gesi. Ardhi yetu ni mchanga. Ukichimba ming'oko, vile viazi vya porini, ukichimba msingi, ukichimba choo, jembe linaingia kama kijiko kwenye unga. Na kwa kuwa ni mchanga, chini yake kuna ndumakuwili.

Asiyemjua nimweleze. Ni mwembamba kama kamba ya kufungia mzigo, rangi yake kama ya mnyoo, mwili mzima pete pete. Miguu hana. Macho huyaoni. Kichwa na mkia vinafanana, anakwenda mbele, anarudi nyuma, hana haja ya kugeuka. Hana ubaya na mtu. Lakini kwetu hashikwi. Jembe likimtoa shambani, unamrudisha na udongo wake, unamfukia, tuta lile unaliacha, unakwenda kulima kwingine. Anayemshika kwa mkono, mtu wa nyumbani kwake anatoka. Kutoka ni kufa. Na mtu wa nyumbani ni yule mnayekula naye chungu kimoja na kulala naye chini ya paa moja. Ndugu aliye nyumba ya pili hahesabiwi.

Haya, tuta unaweza kuliacha. Shimo la choo je? Msingi wa nyumba je? Huwezi kumfukia ndumakuwili ukajenga juu yake ukalala usingizi. Lazima aondolewe, na chuma kisimguse, ubao usimguse, aondolewe kwa mkono mtupu. Ndivyo tulivyokuta. Sasa mkono wa nani? Hapo ndipo lilipoingia jina la Somoe.

Somoe alizaa watoto wawili, wakafa wadogo. Kisha akafa mume wake, ambaye ni kaka yangu Abdallah. Alikaa eda yake yote kama inavyotakiwa. Siku alipotoka eda, mtu wa kwanza kumbishia hodi hakuja kumjulia hali. Alikuja kumwita. Kwenye msingi wake ameonekana ndumakuwili, na yeye ana wake wawili na watoto wamejaa nyumba. Akamwambia, "Bi Somoe, tusaidie. Wewe huna wa kutoka."

Somoe akamtazama sana. Kisha akafunga kanga kiunoni, akaenda, akamshika yule mdudu, akampeleka kwenye shamba lake mwenyewe akamwachia.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Watu walisema Somoe hana wa kutoka kama wanavyosema fulani ni mrefu, bila ubaya, na yeye yupo anasikia. Hata jiko langu lilipojengwa nilimwita yeye. Alipomaliza nilimpa wali na samaki, akala akaniambia, "Wenzangu mna watoto, wifi. Mimi nina mifugo." Nilicheka. Alikuwa mtu wa maneno, na mimi maneno nayapenda. Nikamuuliza mifugo yake inakula nini, akasema inakula mchwa, haimsumbui, na haimwombi sare za shule.

Ikawa miaka mingi hivyo.

Mwaka juzi mvua zilipoanza, akaja msichana anaitwa Upendo, wa chuo kikuu, kwao Makambako. Alikuwa anatafuta viumbe wanaoishi chini ya ardhi. Alipokwenda ofisi ya kijiji kuuliza ndumakuwili wanapatikana wapi, wote waliokuwa pale walijibu neno moja: kwa Somoe. Kwa kuwa hapa hakuna nyumba ya wageni, akaomba alale hukohuko. Somoe akamwonyesha chumba ambacho kaka yangu alikuwa akiweka magunia ya korosho.

Siku ya kwanza nilivuka kwenda kuona. Walikuwa shambani, wameinama juu ya kilichotoka udongoni.

"Siyo nyoka, bibi," yule msichana alikuwa anasema. "Huyu ni wa ukoo wa mijusi. Ila miguu waliiacha."

"Waliiacha wapi?"

"Zamani sana. Walipozoea kukaa chini hawakuihitaji tena."

"Basi wana akili kuliko mimi," Somoe akasema. "Mimi nakaa chini kutwa nzima na miguu ninayo, tena inaniuma."

Upendo akacheka, akanyoosha mkono amshike. Somoe akampiga kofi dogo la vidole.

"Kwenu kuna nani?"

"Mama. Na wadogo zangu."

"Basi ondoa mkono. Hii ni kazi ya mtu asiye na mtu."

Wakakubaliana hivyo. Somoe anashika, Upendo anapima kwa rula, anaweka kwenye mizani ndogo, anapiga picha, Somoe anamrudisha chini. Mimi nikikaa barazani kwangu nasikia kicheko. Nilikuwa sijasikia kicheko kwenye nyumba ile tangu Abdallah. Yule msichana alikuwa hajui kumenya muhogo, alikuwa anauchonga kama penseli, Somoe akawa anamsema mpaka machozi ya kucheka yanamtoka. Akamfundisha kupika kisamvu cha karanga. Jioni wanakula sahani moja. Msichana alianza na "bibi", baadaye ikawa "bibi yangu", hata kwenye simu na mama yake nilimsikia anasema, "Niko kwa bibi yangu."

Kisimani watu hawakosi la kusema. "Somoe amepata mjukuu wa kuazima," wakasema. Nikaona nimwambie mimi wifi yake kabla hajaambiwa na wengine.

"Wifi, yule ni mpangaji. Kazi ikiisha anaondoka."

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Kila mtu ni mpangaji, wifi. Hata kaka yako alikuwa mpangaji."

 Nilikuwa nimekwenda kumpa akili, nikarudi na yangu imepungua.

Sasa nije kwenye siku ya homa. Asubuhi ile walipata ndumakuwili wengi kuliko siku zote, udongo ulikuwa umelowa vizuri. Mchana nimekaa napukuchua mahindi, namwona Somoe anavuka mikorosho anakuja mbio, kichwa wazi. Somoe hatoki nje kichwa wazi. Nikajua kuna msiba.

"Wifi," akasema, "wamemhesabu."

"Nani wamemhesabu nani?"

"Ndumakuwili. Nimewashika asubuhi, sasa hivi mtoto anatetemeka, anaweweseka. Wamemhesabu kuwa wa kwangu."

Nilimtazama usoni. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli. Lakini ndani ya ile hofu kulikuwa na kitu kingine, na nilikijua, maana nimewahi kukiona kwa mwanamke aliyeambiwa ana mimba baada ya watu kukata tamaa. Nikaacha mahindi.

Tukampakia Upendo kwenye bodaboda, Somoe nyuma amemkumbatia asidondoke, wakaenda zahanati. Ilikuwa malaria. Akapewa dawa. Somoe hakulala kitandani kwake mpaka msichana aliponyanyuka. Alitandika mkeka mlangoni pa chumba cha magunia, akawa analala pale kama mlinzi. Nilipeleka uji, nikakuta wanabishana.

"Bibi, ni malaria. Chandarua kina tundu, nimelala nalo bila kuliziba."

"Tundu lilikuwepo tangu siku uliyokuja. Mbona hukuumwa?"

"Mbu hawaji kwa ratiba, bibi."

"Na ndumakuwili hawakosei nyumba."

Tangu siku ile Somoe hakushika tena. Upendo akambembeleza, akamwambia basi nitashika mimi, nitavaa glavu.

"Ndani ya glavu kuna nini?" Somoe akamuuliza.

"Mkono."

"Basi."

Msichana alikuwa na adabu, hakubishana zaidi. Akahamisha kazi yake, akawa anaondoka asubuhi na wenzake kwenda kuchimba upande wa Ruvuma, jioni anarudi kula na kulala. Huko alichokifanya kwa mikono yake hakusema, na Somoe hakumuuliza. Alichofanya ni kumwekea maji ya kunawa nje, mbali na mlango.

Sasa, wakati huohuo, Kasiani alikuwa anachimba choo. Kasiani ni fundi uashi, jirani yetu wa upande wa barabarani, mkewe ni Rebeka. Choo chao cha zamani kilikuwa kimetitia kwa mvua. Amechimba mpaka kiunoni, ndumakuwili huyo hapo. Na Rebeka alikuwa mjamzito, tumbo limeshafika mbele. Kasiani akaja moja kwa moja kwa Somoe kama tulivyozoea wote, amevaa matope.

"Shikamoo, Bi Somoe. Amepatikana mmoja shimoni. Twende mara moja."

"Marahaba. Siwezi, baba. Nina mtu."

Kasiani akatazama huku na huku, kama mtu huyo amejificha nyuma ya mtungi. "Mtu gani?"

"Upendo."

"Yule wa chuo?" Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alidhani ni utani. "Bibi, yule ni mgeni."

"Anakula wapi?"

"Hapa."

"Analala wapi?"

"Hapahapa."

"Basi mwenye sheria ni wewe na babu zako, siyo mimi. Mtu wa nyumbani ni yupi?"

 Kasiani akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa nachambua mboga. "Bibi Tatu, mwambie wifi yako."

"Umeulizwa wewe," nikamwambia. "Mimi sijaulizwa kitu."

Akaondoka. Baada ya muda akaja Rebeka mwenyewe, mkono mmoja kiunoni, anatembea kama aliyebeba ndoo mbili. Alikataa kiti. Akasema, "Bibi, mimi nina mimba. Mwenyewe unaona. Mume wangu akimshika yule, ni nani atatoka kwangu? Una moyo gani wa kunikatalia?"

Nilidhani Somoe atapandisha sauti. Hakupandisha.

"Moyo kama wako, mwanangu. Naogopa kama unavyoogopa wewe. Ila nyie mmezoea kuwa mimi siogopi."

Rebeka akalia, akaenda zake. Jioni kitongoji kizima kilikuwa na habari. Wengine wakasema Somoe amechanganyikiwa, wengine wakasema ana roho mbaya tangu zamani ila ilikuwa haijapata pa kutokea. Kasiani akafunika shimo kwa makuti. Akasema hadharani kisimani, mimi nipo, "Mgeni hana miaka hapa. Ataondoka, na Bi Somoe atarudi kuwa Bi Somoe."

Ikawa watu wote wanasubiri yule msichana aondoke. Walikuwa wanamsalimia vizuri huku wanamhesabia. Yeye hakujua. Na Somoe alijua, akawa anampikia kama mtu anayemnenepesha mtoto kwa safari ya mbali.

Mvua zilipokwisha, gari likaja kumchukua. Somoe alimfungia korosho, makopa ya muhogo, na pilipili za kusaga. Upendo akamkumbatia, akalia, akasema, "Nitakupigia, bibi yangu. Nitakuja." Somoe hakulia. Alimwekea kanga sawa begani, akamwambia asikae dirishani, vumbi la njia hii linaleta kifua. Gari likaondoka. Somoe akaingia ndani akafagia chumba cha magunia, mimi nikasikia ufagio kwa muda mrefu kuliko chumba kile kinavyohitaji. Nilitaka kuvuka niende kukaa naye. Nikasema hapana, atadhani nimekuja kumwambia, si nilisema.

Asubuhi yake, chai bado haijachemka, Kasiani huyo. Safari hii amenawa, amevaa shati.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba."

"Mgeni amekwenda salama?"

"Amekwenda salama."

"Basi twende, bibi. Rebeka siku zake zimekaribia, na nyumba haina choo."

"Twende wapi? Nimekwambia nina mtu."

 Kasiani ni kijana mpole, sitamsingizia. "Bibi, mtu wako amepanda gari jana, wote tumemwona."

"Yuko kazini."

"Kazini mpaka lini?"

"Wewe mwanao akienda Dar es Salaam kutafuta maisha, siku anayopanda basi ndiyo ameacha kuwa mwanao?"

"Mwanangu nimemzaa. Yule hukumzaa."

"Sikumzaa," Somoe akasema. "Wale niliowazaa walitoka, na mkono wangu ulikuwa haujashika kitu."

 Kuku walikuwa wanaparua uwanjani. Mimi nimemjua Somoe tangu alipoletwa bibi harusi kwa kaka yangu, na habari ya watoto wale sijawahi kumsikia akiitamka mbele ya mwanamume.

Kasiani akashusha sauti. "Sasa nani atashika, bibi?"

"Tafuta asiye na mtu."

Akageuka, akaangaza kitongoji, nyumba moja moja. Macho yake yakanifikia mimi barazani kwangu yakakaa.

"Usinitazame," nikamwambia. "Saida yuko ndani na wanawe."

Nilisema haraka. Ni kweli, Saida binti yangu alikuwa ndani, na wajukuu wangu walikuwa bado wamelala.

Kasiani akazunguka siku nzima. Kila alipokwenda, kila mtu alikuwa na mtu. Hata mzee Idrisa, ambaye tunajua anapika mwenyewe na kula mwenyewe, akasema ana mpwa wake anayekuja kulala mara kwa mara. Hakuna mlango uliokubali. Mwisho Kasiani akalifukia lile shimo pamoja na ndumakuwili wake, akachimba jingine karibu na ua, mahali pabaya, upepo unapeleka harufu sebuleni. Rebeka akajifungua salama mtoto wa kike. Siku ya kumtoa mtoto nje tuliitwa wanawake wote tukala. Somoe hakuitwa.

Watu wakadhani watamkomoa. Yeye akaendelea kufagia uwanja wake. Lakini nisiseme uongo, nyumba ile ilikuwa kimya. Zamani, kila baada ya muda kidogo utasikia hodi, hata kama ni hodi ya kumwita akashike, ni hodi. Ataitwa, ataletewa sahani, atatania, atarudi na habari za watu. Sasa hakuna anayebisha. Wanapita njia ya nyuma kwenda kisimani.

Upendo alipiga simu. Mwanzo alikuwa anapiga kila Ijumaa, Somoe anatoka nje na simu, anazungumza kwa sauti kubwa mpaka mimi nasikia bei ya nyanya ya Makambako. Kisha akawa anapiga mara mojamoja. Kisha akapiga Idi. Baada ya Idi, Somoe akawa anasema mtandao wa huku ni mbaya. Mimi mtandao wangu ni huohuo na Saida anapigiwa mpaka namwambia apunguze sauti. 

Mwaka huu mvua zimeanza mapema, na tumeingia shambani wote. Shamba la Somoe linapakana na langu. Sasa fikiria mwenyewe. Ndumakuwili wote alioondoa kwenye misingi ya watu, kwenye vyoo vya watu, kwenye jiko langu, miaka yote ile, alikuwa akiwaleta hapa. Wamezaana humo. Zamani hawakumsumbua, akitokea mmoja alikuwa anamshika, anamtupa pembeni, anaendelea kulima. Mwaka huu anapiga jembe, anatoka mmoja, anamrudisha na udongo wake, anaacha tuta. Anasogea, anapiga jembe, anatoka mwingine. Shamba lake limekuwa kama kichwa kilichonyolewa na kipofu, hapa pamelimwa, hapa pori, hapa pamelimwa kidogo, hapa pori tena.

Juzi nilisimama mpakani nikamtazama mpaka nikashindwa.

"Wifi, mwaka huu utakula nini?"

"Nitakula kitakachoota."

"Kwenye vituta hivyo? Chukua kipande cha kwangu huku ulime."

"Na wanao wale nini?"

Ana kiburi, kaka yangu alikuwa akisema hivyo, na aliyesema hivyo alikuwa anampenda. Nikaona nimwambie lililo moyoni, maana sisi ni watu wazima.

"Somoe. Yule mtoto hajapiga simu tangu Idi. Shika hao wadudu ulime shamba lako. Hakuna anayekuona hapa isipokuwa mimi, na mimi sisemi."

Akasimama, akaegemea mpini. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka kidevuni. Nilingoja anijibu neno la kuniumiza, kama kawaida yake. Akasema taratibu kama anamweleza mtoto:

"Ndiyo maana sishiki, wifi. Akiwa karibu, akiumwa ningemwona. Sasa yuko mbali na simu hapigi. Nikishika, nitajuaje?"

Akainama. Akamfukia yule aliyekuwa amemtoa, akaupiga udongo kidogo kwa kiganja, akasogea mbele kutafuta mahali pengine pa kupiga jembe.